Tezi ya Gramu 142

Baba alinigongea mlango saa nane za usiku. Nilipofungua nilimkuta amesimama kizingitini, ameshika tumbo kwa mikono miwili kama mtu aliyeficha tikiti maji ndani ya kikoi. "Ndia imefunga, mwanangu," akasema, kisha akanyamaza. Tangu magharibi alikuwa hajapata hata tone la mkojo, na kila alipokwenda msalani alirudi akitokwa jasho. Nilipomgusa chini ya kitovu nilishtuka. Palikuwa pagumu, pamejaa, pameinuka.

Vichochoro vyetu vya Lamu havipitishi gari. Jirani alileta punda wake, lakini baba alikataa kumpanda, kwani kila hatua ya punda ingemtikisa kibofu. Akatembea mwenyewe hadi hospitali, mkono mmoja ukutani, mwingine begani kwangu, akisimama kila baada ya nyumba tatu nne. Njia ninayoitembea kwa dakika kumi ilituchukua karibu saa nzima.

Muuguzi wa zamu alikuwa kijana mdogo. Alimpa pole, akanawa, akamtia jeli ya ganzi, akajaribu kupitisha mpira wa mkojo. Ukagoma. Akachukua mwingine wenye ncha iliyopinda kidogo, na huo ukapanda polepole hadi ukaingia. Mkojo ulitoka kwa kasi, na baba akawa anasema alhamdulillahi, alhamdulillahi, machozi yakimtiririka hadi kwenye ndevu. Mfuko ulipopimwa ulisoma mililita 1,400. Kibofu cha mtu mzima huanza kumsumbua kikifika 400 au 500. Mpira huo wenye kipira cha maji kwenye ncha ili usichomoke unaitwa Foley, kwa jina la daktari Frederic Foley wa Marekani aliyeutengeneza miaka ya 1930. Nimelijua jina hilo baadaye. Usiku ule sikujua kitu kuhusu tezi dume, wala kwamba ndiyo iliyomfunga baba, na ndiyo sababu ninaandika.

Ilikuwa wiki ya mafua. Pepo za kusi zilikuwa zimeanza, nyumba nzima ilikuwa inakohoa, na baba alikuwa akimeza vidonge vya dukani, vile vinavyokausha pua na kuleta usingizi. Dawa za aina hiyo huweza kubana shingo ya kibofu na wakati huohuo kukilegeza kibofu chenyewe kisisukume. Kwa mtu ambaye mlango wake wa mkojo umebakia ufa, vidonge vichache vinatosha kuufunga kabisa. Miraa na muguka nazo hubana pahali palepale. Wapo wazee wanaotafuna barazani hadi usiku wa manane na kisha kulalamika kuwa mkojo hautoki, na hakuna aliyewahi kuwaambia kuwa mambo hayo mawili yanahusiana.

Lakini mafua yalimalizia tu. Dalili zilikuwa za miaka mitatu. Baba alikuwa akiamka usiku mara tano, mara sita. Mkojo ulimkawia kuanza, ukianza ukawa mwembamba kama uzi, ukikatika na kuanza tena, na ukimdondokea miguuni mwishoni. Aliacha kwenda kwenye shamba lake la minazi upande wa Kipungani, akisema magoti yanamuuma. Msikitini alitoka safu ya kwanza, alipokuwa akiswali tangu mimi sijazaliwa, akahamia nyuma karibu na mlango. Vikoi vyake akawa anafua mwenyewe, alfajiri, kabla mama hajaamka. Kwa mtu wa swala tano, tone moja kwenye nguo baada ya kutawadha si jambo dogo. Ni wudhu kuanza upya, na shaka isiyokwisha. Niliyaona yote hayo, nikayaita uzee. Hilo linaniuma mpaka leo.

Zahanati moja ya mtaani ilimtibu maambukizi ya mkojo kwa mwaka mzima, vidonge vya wiki moja, kisha vya wiki nyingine, bila mtu yeyote kumpiga picha ya tumbo wala kumpima tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Kati ya dozi na dozi alikunywa unga wa mizizi aliouziwa kwa bei ya mbuzi. Hakuna mzizi uliothibitishwa kuitoa tezi iliyofikia ukubwa ule.

Tezi dume hukaa chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo kama pete ilivyozunguka kidole. Kwa kijana huwa na uzito wa gramu 20 hadi 25, kama tunda dogo la mkungu. Mwanaume akivuka miaka 50, homoni zake za kiume huendelea kuikuza kidogo kidogo, na karibu nusu ya wanaume wa umri wa miaka 50 na kitu wana ukuaji huo ndani ya tezi. Wakifika 80 ni wengi mno. Si saratani, wala haigeuki kuwa saratani, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Kinachoumiza ni kwamba pete inabana. Kibofu kinajikaza kusukuma, misuli yake inakuwa minene, halafu kinachoka. Mkojo unabaki ndani, unatuama, unazaa maambukizi na mawe, na ukikosa pa kwenda unarudi juu kwenye figo.

Kwa baba ulikuwa umesharudi. Kipimo cha damu asubuhi ile kilionyesha kreatinini, ile taka ambayo figo huitoa kwenye damu, imefika 310, na kiwango cha kawaida kwa mwanaume hakivuki sana 110. Picha ya ultrasaundi ikaonyesha figo zote mbili zimetanuka, jiwe kibofuni la sentimita mbili hivi, na tezi dume ya gramu 142. Yule aliyempiga picha alirudia kupima mara mbili.

Daktari wa pale Lamu alifanya jambo ambalo ninamshukuru nalo hadi leo: hakuharakisha. Alisema mpira ubaki, figo zipumue kwanza. Akatuonya kwamba figo zilizokandamizwa muda mrefu zikifunguliwa ghafla huweza kumwaga mkojo lita kwa lita, na mgonjwa akakaukiwa maji huku mfuko umejaa. Basi kwa siku mbili mkojo ulipimwa kila saa na dripu ikafuata kiasi kinachotoka. Wiki mbili baadaye kreatinini ilikuwa 128. Angepelekwa kwenye kisu siku ya kwanza, angeingia na figo zilizolemewa.

Nyumbani kukawa na kikao. Kwetu ugonjwa ni wa ukoo. Ami zangu wawili walikuja, na binamu yetu aliyeko Muscat akawa anatuma ujumbe wa sauti, mmoja baada ya mwingine. Ami mkubwa alisema mzee wa miaka 76 hapasuliwi, akae na mpira wake amalize umri wake salama. Binamu akasema Oman sasa watu wanatibiwa kwa leza, kisu ni mambo ya zamani. Mama hakusema neno mbele yao. Usiku aliniambia: "Babako hataki kufa na mfuko mguuni. Hilo ndilo analotaka, mengine ni maneno ya watu."

Swali la ami lilistahili jibu. Wapo wazee kwetu pwani wanaoishi na mpira miaka na miaka, wanaubadilisha kila mwezi au kila miezi michache kutegemea aina yake, kwa sababu mtu mmoja aliwaambia umri umekwenda. Kwa mgonjwa ambaye moyo au mapafu hayahimili chochote, mpira ni msaada, na uliopitishiwa tumboni juu ya kibofu humsumbua kidogo kuliko ule wa njia ya kawaida. Lakini miaka peke yake haimzuii mtu kupasuliwa. Upasuaji huu aghalabu hufanywa kwa sindano ya ganzi ya mgongoni, mgonjwa akiwa macho. Wa kuamua ni moyo, damu na figo, na hivyo hupimwa. Kumwacha mtu na mpira bila kumpima ni kumhukumu.

Na dawa? Zipo, na kwa wengi zinatosha. Tamsulosin hulegeza misuli ya shingo ya kibofu ndani ya siku chache. Finasteride huisinyaza tezi yenyewe, polepole, miezi sita na zaidi. Ila mtu ambaye figo zimeshaguswa, ana jiwe kibofuni na amefunga kabisa, ameshavuka hatua ya vidonge. Hilo daktari alilisema wazi.

Kwa daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo tulikwenda Mombasa. Boti hadi Mokowe, kisha basi la alfajiri kupitia Witu, Garsen, Malindi na Kilifi, siku nzima, mfuko umefungwa pajani chini ya kikoi na chupa tupu ya maji chini ya kiti ya kuumwagia. Baba hakulalamika. Alifunga macho na kuvuta uradi.

Daktari alimkaribisha, akamsomea majibu yote, kisha baba akamwambia: "Nieleze kama unavyomweleza mtu wa kazi." Daktari akachukua karatasi akachora chungwa. Akasema sehemu iliyovimba ni nyama ya ndani, na maganda ni tezi ya asili iliyosukumwa pembeni. Upasuaji wa uvimbe huu hautoi chungwa zima. Unatoa nyama na kuacha maganda.

Baba aliitazama ile picha kwa muda. "Hiyo si chungwa," akasema. "Hiyo ni nazi. Sasa niambie, unakuna au unatoa mbata?"

Daktari alikuwa mtu wa bara, ikabidi nimfafanulie. Nazi mbichi ukitaka nyama yake unakaa juu ya mbuzi na kuikuna, chembe kwa chembe, hadi ufike kwenye kifuu. Nazi iliyokauka vizuri, ukiipasua, nyama yake imeshaachana na kifuu, unaipenyezea ncha ya kisu ukingoni ikatoka nzima. Hiyo ndiyo mbata. Baba ameuza mbata miaka arubaini. Daktari aliweka kalamu chini, na tangu hapo mazungumzo yakaenda kwa lugha ya nazi. Sijawahi kusikia jambo la hospitali likaeleweka vizuri namna ile.

Kukuna ni ule upasuaji unaofanywa sana duniani kwa tezi za kadiri. Kifaa chembamba hupitishwa kwenye njia ya mkojo, hakuna mshono nje, na kitanzi cha waya chenye umeme hukwangua nyama vipande vidogo vidogo vinavyosombwa na maji. Kwa tezi ya gramu 30 hadi 80 ni njia nzuri sana. Kwa tezi ya 142 muda unakuwa mrefu, damu inakuwa nyingi, na mara nyingi daktari anakuna sehemu na kuacha sehemu, na inayobaki inaendelea kukua. Tena mashine za zamani hazikuweza kutumia maji ya chumvi, kwani yangeutawanya umeme. Zilitumia maji yasiyo na chumvi, na hayo yakinywewa na mishipa iliyo wazi huizimua chumvi ya damu hadi mgonjwa akachanganyikiwa, akatapika, hata akapoteza fahamu. Ndiyo maana madaktari walijiwekea mpaka wa saa moja hivi. Mashine mpya zinafanya kazi ndani ya maji ya chumvi na hatari hiyo imeondoka, lakini muda na damu bado vipo.

Kutoa mbata kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni hiyo leza ya binamu. Ilianzia New Zealand miaka ya 1990, kwa daktari Peter Gilling na wenzake. Leza ya holmiamu hupitishwa kwa njia ya mkojo, inapenya baina ya nyama na kifuu, inabandua donge zima na kuziba mishipa papo hapo. Donge husukumwa ndani ya kibofu na kifaa kingine kinalisaga na kulifyonza. Ukubwa wa tezi hauiwekei mpaka. Damu ni kidogo, mpira hutolewa baada ya siku moja au mbili. Kazi hiyohiyo ya kubandua inaweza pia kufanywa kwa umeme badala ya leza. Daktari hakuidharau hata kidogo. Alisema kama ingekuwa karibu na kwa bei tunayoweza, angetupeleka huko. Ila inataka mashine ghali na mkono uliofundwa, mtu hufanya makumi ya wagonjwa kabla hajaimudu, na yeye hakuwa ameizoea.

Ya pili ni ya wazi. Mkato chini ya kitovu, na kidole cha daktari ndicho kinachobandua mbata kutoka kwenye kifuu. Peter Freyer, mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi India kabla ya kuhamia London, ndiye aliyeieneza mwanzoni mwa miaka ya 1900, akipitia ndani ya kibofu. Mwaka 1945 Terence Millin, naye wa Ireland, akaonyesha njia ya kufungua ganda la tezi moja kwa moja bila kukigusa kibofu. Siku hizi palipo na vifaa hufanywa pia kwa matundu madogo au kwa roboti, lakini kinachotolewa ni kilekile.

Nikamuuliza na yale mengine niliyoyasoma usiku. Mvuke unaodungwa kwenye tezi, na vibanio vidogo vinavyoivuta kando, akasema kwa kawaida hutumika kwa tezi zisizozidi gramu 80 au hapo karibu. Roboti inayokata kwa maji ya kasi imejaribiwa kwa tezi hadi 150, ila mashine hiyo hatukuwa na pa kuipata. Kuziba mishipa inayoilisha tezi kwa chembe ndogo zinazopelekwa kupitia paja au kifundo cha mkono kunawafaa wasiohimili upasuaji, lakini nafuu yake huja polepole na ni ndogo kuliko ya kuitoa. Na hakuna hata moja kati ya hizo ambayo peke yake ingelitoa lile jiwe.

Jiwe ndilo lililokata shauri. Njia ya Freyer inapita ndani ya kibofu, kwa hiyo jiwe na tezi vingetoka kwa mlango mmoja, siku moja. Nilikuwa nimekwenda Mombasa na fikra kwamba kupasuliwa ni kwa maskini na leza ni kwa wenye uwezo. Niliondoka nimeelewa kwamba kwa tezi kubwa namna ile njia zote mbili zinatoa mbata nzima, na miaka ikipita mkojo wa waliofanyiwa hii na wa waliofanyiwa ile unapita sawa. Tofauti ni damu, siku za kitandani na kovu. Si ndogo, na anayeweza kuikwepa aikwepe. Lakini kumweka mzee na mpira miaka miwili akisubiri leza ya mbali, ilhali mkono uliozoea upo karibu, kwangu mimi ni kumnyima haki yake. Nilimuuliza daktari amefanya wangapi. Hakuchukia. Alinijibu, na akaniambia pia ni wangapi kati yao waliohitaji kuongezwa damu.

Alimwita mama naye ndani, akawaeleza jambo ambalo wengi huambiwa nusu nusu. Baada ya upasuaji huu, kwa wanaume walio wengi mbegu haziji nje tena, zinarudi kibofuni na kutoka na mkojo. Haidhuru mwili, ila anayetaka mtoto lazima ajue kabla. Nguvu za kiume ni jambo jingine, na kwa walio wengi zinabaki kama zilivyokuwa. Mama alijifunika kidogo na buibui, akasema: "Daktari, sisi tuna wajukuu kumi na mmoja. Wewe mtoe huo mpira."

Aspirini ilisimamishwa wiki moja kabla. Mkojo ulioteshwa maabara, akapewa dawa ya vijidudu vilivyoonekana, kwa sababu mpira wa wiki kadhaa haukosi vijidudu. Mimi na ndugu yangu tulitoa damu. Bima ya SHA ililipa sehemu, na zilizobaki ukoo ulichanga, yule ami aliyekataa akiwa wa kwanza kutoa.

Upasuaji ulichukua saa moja na nusu. Daktari alitoka na chupa ya plastiki akatuonyesha: madonge mawili makubwa na moja dogo, ya manjano yaliyopauka, yenye vinundu vinundu kama tangawizi mbichi. Jiwe lilikuwa kwenye kikopo chake, la kahawia, linakwaruza, umbo la kokwa ya tende. Mizani ilisoma gramu 118. Nilidhani kuna kosa, hadi nilipokumbuka kwamba zilizobaki ni kifuu.

Siku tatu zilizofuata ndizo ngumu kuliko zote. Mpira uliowekwa sasa una njia tatu: moja ya kukijaza kipira, moja ya kuingiza maji ya chumvi, moja ya kutoa. Maji yanaingia mchana na usiku kukiosha kibofu ili damu isigande. Kazi yangu ilikuwa kutazama. Yakiingia bila kutoka, niite. Usiku wa kwanza, saa tisa, niliona bomba la kutokea limesimama. Baba alianza kugeuza kichwa huku na huku, tumbo limekaza, akiniita kwa jina langu la utotoni. Muuguzi alikuja na sirinji kubwa, akafunga maji yanayoingia, akasukuma na kuvuta, akasukuma na kuvuta, hadi yakatoka mabonge meusi kama vipande vya maini. Kisha maji yakafunguka. Kama ningekuwa nimelala! Anayemuuguza mgonjwa wa namna hii asione haya kumwamsha muuguzi hata mara kumi.

Rangi ya mfuko ndiyo ilikuwa saa yetu. Siku ya kwanza nyekundu nzito, sharubati ya rozera. Aliongezwa painti moja ya damu. Siku ya pili ikapauka ikawa ukwaju uliotiwa maji mengi. Asubuhi ya siku ya tatu baba aliinua kichwa, akautazama mfuko, akasema: "Yeo ni mai ya madafu." Wakafunga yale maji ya kuosha.

Siku ya saba mpira ulitolewa. Muuguzi alimpa jagi la plastiki na kumvutia pazia. Nilisimama nje ya pazia nikasikia kimya kirefu, halafu sauti ya mkojo ukipiga chini ya jagi, mfululizo, bila kukatika. Mzee wa kitanda cha pili, naye ana mpira wake, alisema kwa sauti: "Mashallah!"

Kurudi hakukuwa siku moja. Wiki za mwanzo alikuwa akishikwa na haja ghafla na kuvuja kidogo akikohoa, na akafundishwa kuikaza misuli ya chini kama mtu anayezuia upepo, mara nyingi kwa siku. Wiki sita bila kubeba mzigo, bila punda. Tulionywa pia kwamba kovu huweza kubana njia ya mkojo miezi baadaye, kwa hiyo mkondo ukianza kuwa mwembamba tena tusikae. Majibu ya maabara hayakuonyesha saratani. Lakini kifuu kimebaki, na saratani ya tezi dume aghalabu huanzia huko pembeni, kwa hivyo kipimo cha PSA, kile cha damu cha kuichunguza tezi, kila mwaka bado kipo. Wengi wanadhani wakishapasuliwa tezi imekwisha. Haijaisha.

Jambo la swala lilimsumbua kuliko kidonda. Tangu wiki za mfuko alikuwa akiswali nyumbani kwa huzuni, akiona hana twahara. Nilimwendea mwalimu wa madrasa aliyenifundisha utotoni, nikamweleza. Akasema hukumu yake inajulikana tangu zamani, ni ya mtu asiyeweza kuzuia mkojo: wakati wa swala ukiingia ajisafishe, atawadhe, aswali hapo hapo, na kinachotoka bila hiari yake hakimharibii. Afanye hivyo kwa kila swala ya faradhi. Nilipomfikishia baba, aliuliza: "Miaka mitatu yote ile?" Nikamwambia naam. Akageukia ukuta. Angeuliza mapema asingehamia mlangoni.

Mwezi wa tatu alirudi safu ya kwanza. Usiku anaamka mara moja, pengine asiamke.

Wiki iliyopita, baada ya isha, jirani yetu mmoja wa rika lake alikuja, akakaa dakani, akazungumza habari za bei ya samaki na za boti iliyozama kizimbani. Kahawa ya pili ilipoisha akaishusha sauti. Alisema ameambiwa ana tezi, kuna mtu wa dawa huko bara, na mwanawe anataka ampeleke kwa leza. Je, baba anamshauri nini?

Baba hakumjibu hilo. Alimuuliza: "Imepimwa gramu ngapi?"

Mzee akasema hajui, hakuambiwa.

"Ndoo kesho baada ya alfajiri," baba akamwambia, akimmiminia kikombe cha tatu. "Nitakupeleka mimi mwenyewe kwenye picha."